Mtu Pekee Aliyeruhusiwa Kusimama

Ninyi mnaosoma mkiwa mmekaa, kaeni vivyo hivyo, maana nchi ninayotaka kuisimulia ilikuwa nchi ya watu waliokaa. Iliitwa Jamhuri ya Mwambalale. Msiitafute kwenye ramani. Mimi nimeitafuta katika ramani zote mbili nilizonazo nikaikosa, kwa hiyo atakayedai kwamba anaijua, na kwamba ana shemeji yake huko, hayo ni yake mwenyewe.

Mwambalale ilikuwa na Sheria ya Kuketi. Sheria hiyo ilisema kwamba popote alipo Mkuu wa Daima, kila raia ataketi, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa, mpaka Mkuu aondoke. Kifungu cha nne kiliongeza kwamba yeyote atakayempa Mkuu mgongo na kutoka mahali hapo kabla yake atahesabiwa amejiuzulu vyeo vyake vyote, papo hapo, bila barua. Kifungu hicho kilikuwa hakijawahi kutumika. Watu walikuwa wakibana haja. Spika wa Bunge aliwahi kujibana kwa saa saba siku ya kufunguliwa kwa daraja, akatunukiwa nishani ya uvumilivu, akaipokea akiwa ameketi.

Sasa, Mkuu wa Daima alikuwa mpenzi wa mpira wa kikapu. Aliupenda kwa sababu ndio mchezo ambao wachezaji hutazama juu kila wakati, na juu, nyuma ya kila goli, palitundikwa picha yake. Wachezaji walisamehewa Sheria ya Kuketi kwa hoja kwamba wanakimbia, na sheria haikutaja kukimbia. Ugomvi ulikuwa juu ya kocha. Shirikisho la michezo la kimataifa liliikataza timu ya Chuo Kikuu cha Mwambalale kucheza na vyuo vya nchi jirani mpaka kocha wake aruhusiwe kusimama na kupaza sauti. Mkuu akatia saini. Ikawa, katika nchi ya watu milioni tisa, yuko mtu mmoja tu aliyeweza kusimama mbele ya Mkuu wa Daima, akapiga kelele, na hata akanyoosha kidole.

Mtu huyo aliitwa Elieza Mtundwe, na kwa miaka ishirini na miwili hakujua kwamba ana bahati.

Elieza alianza pale chuoni kama fundi wa kuchomelea. Magoli yale aliyachomelea yeye. Siku moja aliona vijana wanadunda mpira hovyo, akauliza mchezo huo una kanuni gani, akaonyeshwa kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne. Akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima ili aweze kukisoma. Alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa, miaka minne, na alipokifunga alikuwa ndiye mtu pekee Mwambalale aliyewahi kukifikisha mwisho. Chuo kikampa timu kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka.

Ruhusa yake ya kupaza sauti aliitumia kwa mambo madogo. "Mikono juu! Rudi nyuma, rudi! Wewe, unamkaba mwenzako au unamsindikiza?" Mawaziri waliokuwa wameketi hawakumtilia maanani. Waliona mzee wa kaunda suti ya kijivu anayehangaika na vijana warefu.

Mambo yaliharibika siku aliyomwona beki wake amezubaa mbele ya jukwaa kuu. Elieza alisimama, akanyoosha kidole, akanguruma: "Wewe! Umelala! Amka!"

Mkuu wa Daima, ambaye kweli alikuwa amelala, aliamka. Mkuu akatazama huku na huku, akacheka, akasema, "Huyo mtu ana sauti."

Kesho yake asubuhi, hapakuwa na waziri hata mmoja ambaye hakuitaka kazi ya kocha wa mpira wa kikapu.

*

Nchi yenye utaratibu haikurupuki. Iliundwa kwanza Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Kinachoifanya Kazi ya Kocha wa Kikapu wa Chuo Kikuu Ivutie. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Fulgensi Kapalata, Waziri wa Vibali, mtu mwenye shingo nene na vyeo kumi. Tume ilikaa siku arobaini. Ilipima umbali kutoka kiti cha kocha hadi kiti cha Mkuu, ikapata hatua nane, ilhali kiti cha waziri aliye karibu zaidi kilikuwa hatua kumi na tano. Ilichunguza picha za magazeti ikagundua kwamba timu ikishinda hubebwa kocha, na ikishindwa hulaumiwa vijana. Wajumbe walipumua kwa nguvu walipolisikia hilo. Katika utumishi wao wote walikuwa hawajaona kazi iliyopangwa vizuri namna hiyo.

Mwisho aliitwa Elieza.

"Mzee Mtundwe," Kapalata alianza, "ieleze Tume. Ni nini kinachokuvutia katika kazi hii?"

"Vijana, mheshimiwa. Na mpira."

"Mpira tunaujua. Taja kivutio."

"Mheshimiwa, unamchukua kijana ambaye hajui mkono wake wa kushoto una kazi gani. Miezi minane baadaye anakwenda golini kwa mkono huo huo, hata haufikirii. Ukiliona jambo hilo, wewe—"

"Katibu, andika. Shahidi hakutaja kivutio chochote."

Ripoti ilitoka ikiwa na kurasa mia tatu na pendekezo moja: kwamba kazi hii inavutia kiasi kwamba si haki kumbebesha mwananchi wa kawaida, na kwamba, baada ya kushauriana na wajumbe wote ambao aliwateua mwenyewe, Mwenyekiti amekubali kujitoa mhanga.

Elieza alipata barua saa tatu asubuhi. Ameondolewa "kwa kukosa kuvutiwa na kazi." Saa nne alikuwa amekwisha andika ombi la rufaa, kwa mwandiko wa masomo ya jioni, herufi zimesimama kama askari. Ombi lilirudi baada ya siku mbili. Juu yake Kapalata alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Halikupitia kwa mkuu wako wa kazi. Lirejeshwe.*

"Mkuu wangu wa kazi ni nani?" Elieza alimwuliza karani wa masjala. "Si nimefukuzwa?"

"Ndiyo hivyo, mzee. Ukimpata, mwambie apitishe."

Hilo angeweza kulimeza. Lakini ukumbini palikuwa na ubao wa mninga wenye majina ya makocha na tarehe zao, na jina lilikuwa moja tu, lake. Aliporudi kuchukua filimbi yake alimkuta seremala amepanda ngazi, randa mkononi, maranda yanadondoka sakafuni. Mahali pale pale, tarehe zile zile, yakaandikwa maneno: *Mhe. F. Kapalata.* Kwa mujibu wa ubao huo, Mheshimiwa alikuwa ameanza kufundisha kikapu akiwa darasa la tano.

Elieza aliokota moja ya maranda hayo, lililokuwa bado na mkia wa herufi M, akalitia mfukoni, akaenda nalo nyumbani. Mkewe, Bi. Skolastika, alimwona anavyolitazama mezani.

"Baba Neema, hilo ndilo fao la miaka ishirini na miwili?"

"Ndilo."

"Na utafanya nini?"

"Nitaandika."

"Si umeshaandika, wakakurudishia kama bahasha ya harusi iliyokosea nyumba?"

"Safari hii siandiki barua," alisema Elieza, na ugali wake akaumaliza wote.

Baada ya wiki tatu zisizo na mkuu wa kazi alipewa kibarua: mtunza karatasi ya mchezo. Ndiye anayeketi mezani kando ya uwanja, anaandika nani amefunga na nani amefanya kosa. Kapalata mwenyewe ndiye aliyependekeza, ili mzee awe karibu na aone jinsi kazi inavyofanywa na watu waliovutiwa nayo.

*

Na kweli aliona.

Kocha Kapalata aliitumia ruhusa ya kusimama kwa uangalifu mkubwa. Kila mara kope za Mkuu zilipolegea, alisimama akapiga kelele, "Mkuu oyee!" kisha akaketi, akijipangusa jasho la kazi. Kwa wachezaji hakupaza sauti hata siku moja. Mtu wa hadhi yake hasemi na vijana wa kaptula. Aliwaandikia.

Alihamishia ofisi yake kwenye benchi. Palikuwa na katibu muhtasi, Bi. Restituta, mwenye trei mbili, ya barua zinazoingia na ya zinazotoka. Palikuwa na mhuri. Palikuwa na tarishi wa sare ya kaki, mtu mzima anayekaribia kustaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia na dokezo mpaka kwa mchezaji, popote alipo, na kurudi na saini yake katika kitabu cha kupokelea. Nahodha Mhoja, kijana mrefu aliyefundishwa na Elieza kutumia mkono wa kushoto, alikwisha pata madokezo arobaini na moja. La mwisho lilisema: *Yah: Kuruka. Rejea mazungumzo. Umeonekana ukiruka bila kibali.*

Kila mtu anayejua kikapu anajua kwamba mtu wa benchi haingii uwanjani mchezo ukiendelea. Ni kosa la benchi, na wapinzani hupewa mtupo huru. Ukurasa wa mia moja na themanini na mbili unasema zaidi: makosa ya benchi yakifika matatu, kocha mkuu anatoka ukumbini. Lakini marefa wa Mwambalale walikuwa na wake na watoto, na vibali vyao vya kazi vilitolewa na Kapalata. Tarishi alipopita, walipata vumbi machoni.

Elieza alisubiri. Alijua kalenda kama alivyojua kitabu. Mwezi wa nane kulikuwa na Kombe la Vyuo vya Ukanda, na refa wa kombe hilo hutoka nchi ya tatu.

*

Siku ya kombe ukumbi ulijaa watu elfu nne na magoti elfu nane, kila goti na mkono wake. Kapalata aliingia kwa suti nyeupe. Kabla ya Mkuu kufika alisimama mbele ya meza ya Elieza.

"Mzee Mtundwe! Bado upo? Nilidhani umeshakwenda kulima mihogo."

"Nipo, mheshimiwa."

"Vizuri. Kazi yako ni kuandika. Ukiona, andika. Usinishauri, usinisemeshe. Ukiwa na neno lilete kwa maandishi, kwa ngazi."

"Ngazi zote, mheshimiwa?"

"Zote."

"Naomba agizo hilo kwa maandishi, mheshimiwa, nisije nikalikosea."

Kapalata alifurahi. Kwa mara ya kwanza mzee huyu alionekana kuelewa utumishi wa umma. Bi. Restituta akalipiga chapa, likagongwa mhuri, na Elieza akaliweka mezani mbele yake, pembeni ya karatasi ya mchezo, akalinyoosha kwa kiganja.

Refa alikuwa mwanamama mrefu mwenye miwani, asiyemjua waziri yeyote duniani. Katika robo ya pili Mhoja akiwa na mpira, tarishi akatoka mbio na dokezo: *Yah: Kufunga. Unaelekezwa kufunga. Tekeleza na utoe taarifa.* Mhoja alisimama kutia saini. Mpinzani akamchomoa mpira chini ya kalamu, akaenda kufunga peke yake. Filimbi ikalia.

"Huyu nani?" refa aliuliza.

"Tarishi," alijibu Mhoja.

"Anacheza namba ngapi?"

"Hachezi, mama. Anapeleka barua."

"Kosa la benchi!"

Elieza akaandika. Moja.

Kapalata alitabasamu kwa ajili ya kamera. Robo ya tatu, tarishi alitoka tena, safari hii na nakala ya dokezo la kwanza, kwa ajili ya mchezaji namba tisa. Filimbi. Elieza akaandika. Mbili.

Hapo, kama ilivyo desturi ya mchezo, mtunza karatasi muungwana humnong'oneza kocha: jihadhari, bado moja. Kutoka meza ya Elieza hadi benchi zilikuwa hatua tatu. Angeweza kupumua tu, Kapalata akasikia.

Elieza aliona ile suti nyeupe. Aliona, juu ya kichwa cha yule mtu, ubao wa mninga uliorandwa. Akatoa karatasi safi, akaandika kwa herufi zilizosimama: *Kwa Kocha Mkuu. Kupitia kwa: Mkuu wa Meza. Kupitia kwa: Msimamizi wa Ukumbi. Kupitia kwa: Katibu wa Benchi. Yah: Tahadhari. Umebakiza kosa moja. Likitokea, utatoka nje. Nawasilisha.*

Mkuu wa Meza alisoma mara mbili, akaandika "Naafiki," akapitisha. Msimamizi wa Ukumbi alikuwa upande wa pili wa uwanja na sheria haikumruhusu kusimama, kwa hiyo dokezo lilipita mkono kwa mkono mbele ya mashabiki waliokaa, kila mmoja akiinua mkono kutoka gotini kwa hofu. Msimamizi aliomba jalada. Jalada lilipatikana. Dokezo likarudi mkono kwa mkono hadi kwa Bi. Restituta, ambaye aliligonga mhuri wa tarehe na kuliweka katika trei ya barua zinazoingia, chini ya nyingine sita, kwa sababu zilitangulia.

Zilibaki dakika sita. Mwambalale ilikuwa nyuma kwa pointi tisa. Kapalata alikasirika, akaandika dokezo kwa mkono wake mwenyewe, akampa tarishi. Tarishi alitoka mbio, akampita Mhoja, akampita namba tisa, akaenda moja kwa moja hadi kwa refa na kumkabidhi. *Yah: Utovu wa nidhamu wa filimbi yako. Toa maelezo ndani ya siku saba.*

Refa alisoma. Akalikunja dokezo, akalitia mfukoni, akaja mezani.

"Makosa ya benchi ni mangapi?"

Elieza hakusimama. Hakuwa tena na ruhusa. Aliigeuza karatasi kumwelekea, akaweka kidole.

"Matatu. Kocha, nje!"

Kapalata alidhani ni mzaha. Kisha akaona uso wa refa, akakimbilia mezani. "Mzee wangu," alisema kwa sauti ndogo, "mzee wangu, sema umekosea kuandika. Uzee huo, nani atakulaumu? Sema."

Elieza alilisogeza mbele lile agizo lenye mhuri, akaonyesha mstari kwa kalamu: *usinisemeshe.*

"Utoke," alisema refa, "au nimalize mchezo na muhesabiwe mmeshindwa."

Jukwaani Mkuu wa Daima alikuwa macho makavu. Pembeni yake Mwanasheria Mkuu alikuwa amekwisha fungua Sheria ya Kuketi, kifungu cha nne.

Kapalata hakuwa mjinga. Alianza kutoka kinyumenyume, uso kwa Mkuu, mikono magotini, amejikunja, akitabasamu. Hatua moja, mbili, tano. Watu elfu nne walimsindikiza kwa macho tu. Alipofika usawa wa benchi lake, kisigino kikagonga trei ya barua zinazoingia. Alianguka chali katikati ya madokezo. Na mtu mnene akianguka chali hana njia ya kuinuka isipokuwa ajigeuze.

Akajigeuza. Mgongo wa suti nyeupe, mpana kama shuka, ukamtazama Mkuu wa Daima, na usoni pake, sakafuni, palikuwa na karatasi yenye herufi zilizosimama. *Yah: Tahadhari.* Aliisoma yote. Kisha walinzi wakamtoa.

Mwanasheria Mkuu, akiwa ameketi, alivuta kipaza sauti akatangaza vyeo kumi na kimoja vilivyo wazi. Ilichukua dakika nne, na vyote isipokuwa kimoja vilijazwa kabla mchezo haujaendelea.

Timu haikuwa na kocha. Mhoja alimtazama Elieza mezani, lakini mtunza karatasi hafundishi, na Elieza alikuwa mtu wa kanuni. Aliinua tu kalamu kwa mkono wa kushoto, kana kwamba anachunguza wino wake. Mhoja akacheka. Vijana wakacheza bila barua. Sekunde ya mwisho Mhoja alikwenda golini kwa kushoto, na Elieza akaandika: namba saba, pointi mbili. Redio ilitangaza kwamba Mkuu wa Daima ameshinda sitini na moja kwa sitini.

*

Kazi ya kocha ilitangazwa tena. Hapakupatikana mwombaji. Tume mpya iliketi siku moja, ikapima umbali kutoka kiti cha kocha hadi mlangoni, ikasema haioni kivutio. Kwa kukosekana mwingine, akarudishwa Mtundwe. Ubao ulikuwa umerandwa mara ya pili, umekuwa mwembamba kama chapati, na jina lake likachongwa mpaka likatokea upande wa pili.

Jumatano moja, mchana, vijana wakiwa mazoezini, Fulgensi Kapalata aliingia ukumbini kwa miguu, bahasha mkononi. Aliketi kwenye benchi, na kwa mazoea akaweka mikono magotini.

"Kocha," alisema, "mzee wangu. Sisi ni watu wazima. Nimeandika ombi dogo. Uthibitishe tu kwamba kosa la tatu liliandikwa kwa bahati mbaya. Nirudishiwe hata kimoja, hata kile cha Vibali."

Elieza alilisoma ombi lote akiwa amesimama, maana alikuwa na ruhusa. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Akatoa kalamu ya wino mwekundu, akaandika juu yake bila haraka, akalirudisha.

*Halikupitia kwa mkuu wako wa kazi. Lirejeshwe.*

Kapalata alilisoma. "Lakini mzee, sina mkuu wa kazi."

"Najua," alisema Elieza. "Mimi nilikaa wiki tatu."

Akageuka, akapuliza filimbi. "Mikono juu! Rudi nyuma, rudi!" Nyuma yake, yule mtu alibaki ameketi, mikono magotini, mdomo umefungwa, akisubiri aliyesimama aondoke kwanza ndipo naye ainuke. Elieza hakumruhusu wala hakumkataza. Ila siku hiyo mazoezi yalikuwa marefu kuliko siku zote.